Kope za Jumamosi

Wofit, nyumbani,
Tahsas 14.

Mpendwa dada yangu Tirusew,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mlimani. U hali gani huko Beiruti? Mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Na yule bibi unayemfanyia kazi bado anakuhesabia vipande vya sukari, ama ameona aibu kidogo? Sisi tumo, kwa rehema za Mungu. Mke wangu Mulunesh mzima, watoto wazima, na yule ng'ombe mwekundu uliyesema tumuuze amezaa dume, kwa hiyo umeshindwa. Teff imekubali mwaka huu, tunapura kila siku na vumbi lake limejaa hadi masikioni. Tumo kwenye mfungo wa Gena, Krismasi yetu, usiniulize habari za nyama. Nimekula mchuzi wa shiro mpaka jasho langu linanuka shiro.

Barua hii anakuletea Asnaku, binti wa jirani yetu Bosena, ambaye naye amepata kazi hukohuko kwenu. Mpokee vizuri, bado hajui hata kuvuka barabara. Amebeba pia pilipili ya berbere na unga wa shiro alivyokufungia Mama. Nakuomba, soma barua kwanza ndipo ufungue vifurushi.

Najua unajiuliza, Fentahun tangu lini akaandika barua na simu ipo? Kwenye simu Mama anakaa ubavuni kwangu akinipiga kiwiko kila nikitaka kufungua mdomo. Na mimi mwenyewe kwenye simu nimekuwa mwongo, dada. Utaona.

Mama haoni tena kwa jicho la kulia. Limekufa. Kioo chake kimekuwa cheupe pe, na daktari hana la kufanya. La kushoto linaona, nalo nitakueleza limeponaje, ila nimeanza na hili ili usiwe unaruka mistari kulitafuta.

Unakumbuka mwezi wa Tikimt uliuliza kwa nini siku hizi Mama anakaa upandeupande kwenye simu kama bibi harusi anayepigwa picha? Nikakujibu mwanga wa dirishani unamuumiza. Tirusew, upande ule hakuna dirisha. Nyumba unaijua, umezaliwa humo. Aliyekuwa ameshika simu ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiigeuza ili usilione jicho.

Siku ile unaondoka, pale kituo cha basi, ulinishika mkono ukaniambia: "Mama yangu namwacha kwako. Ulipofiwa na mamako hakukutofautisha na mimi hata siku moja, basi na wewe usimtofautishe na mamako." Nikaapa kwa Malaika Mikaeli. Wewe ukapanda basi unalia, mimi nikarudi nyumbani najiona mwanamume kweli. Sasa sikiliza nilivyokitunza kiapo.

Kazi yangu ya wilayani, iliyotuhamishia mjini mimi na Mulunesh, unaijua, kupanga mambo ya macho. Vijiji vyote vinaumwa vikope, lakini wapasuaji ni wachache, kwa hiyo lazima mtu akae aseme kijiji gani kianze na kipi kingoje. Mtu huyo ni mimi. Ili kupanga, kwanza tunatuma watu wakatazame macho kijiji kwa kijiji: nani kope zake zimegeukia ndani zinamkwaruza, nani bado. Wenye wagonjwa wengi wanaanza. Kwenye karatasi ni jambo la haki kabisa.

Mwaka jana watazamaji walikuwa wanalalamika kwamba wakifika vijijini watu wako mashambani. Mimi nikainua mkono kikaoni nikasema, kwa nini tusiende Jumapili, baada ya ibada, pale uwanja wa kanisa? Kila mtu yupo, mpaka vikongwe. Bwana Kassaye, mkuu wangu, akapiga meza: "Huyu ndiye mtu! Mnaona faida ya kuajiri mtoto wa kijijini? Anajua watu wake wanakopatikana." Nikavimba kichwa wiki nzima. Mulunesh ni shahidi.

Dada, nani kati yetu asiyejua mambo ya Jumamosi? Wewe ulianza kazi ile kabla yangu. Mama anatoa kigoda mlangoni panapopiga jua, anavua kile kibano kinachoning'inia kwenye uzi wake wa ubatizo shingoni, analaza kichwa chake mapajani mwako, nawe unamng'oa kope zilizogeuka, moja moja. Ulipokuwa mkubwa ukachoka, nikarithi mimi, kwa sababu eti nilikuwa na macho ya kunguru. Na nikimwumiza ananifinya paja. "Kesho ni kanisani," anasema, "nani atasimama mbele ya Mikaeli machozi yakimchuruzika kama anamenya vitunguu?" Nyumba zote ni hivyo hivyo. Jumamosi wanawake wote wa Wofit wanang'oana kope, Jumapili macho yote yamekauka, yanang'aa. Ikifika Alhamisi vishina vimeota tena, vigumu kuliko kope zenyewe, na kila mmoja anatembea na ncha ya shuka jichoni.

Na mimi, mwenye macho ya kunguru, nikawapeleka watazamaji Jumapili.

Walikuwa wamefundishwa kutazama pia dalili za kope zilizong'olewa. Lakini foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na wanawake wetu mkono wao mzuri mno, hawaachi alama. Majibu yakarudi: Wofit karibu hakuna mgonjwa. Niliyasoma nikiwa nimesimama. Nilijua palepale, Tirusew. Usidhani nilikuja kugundua baadaye.

Nikafungua mdomo kikaoni. Nikasema, "Hapa Wofit, nafikiri..." Bwana Kassaye akacheka, "Alaa! Kwenu tena? Bomba la maji mmepata juzi tu, sasa mnataka na wapasuaji? Tuwahamishie na hospitali nzima?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka, dada. Nikakaa chini, na Wofit ikawekwa mwaka wa tatu, mwisho kabisa, pamoja na vijiji visivyo na shida. Jioni nilimwambia Mulunesh kwamba leo nimeonyesha mimi si mtu wa kupendelea ndugu. Akaniambia hongera. Nilikula chakula kingi.

Mvua zilipokuja barabara ikakatika, unajua mwezi wa Hamle unavyokuwa huku. Sikufika nyumbani mpaka sikukuu ya Meskel. Nikamkuta Mama amejifunika nusu uso. Nikamwuliza kulikoni, akasema ni vumbi. Vumbi gani, mvua yote hiyo? Nikamfunua shuka. Afadhali angenipiga kofi.

Kumbe tangu mimi na wewe tuondoke aliyekuwa anamng'oa ni Bosena, na Bosena mwenyewe haoni vizuri, macho yake yanakwaruzwa vilevile. Walikuwa wanapapasana. Kope zilizobaki zikalichana lile jicho msimu mzima wa mvua, likapata kidonda, kidonda kikaacha weupe. Akiwa peke yake. Mimi nikiwa mjini, chini ya bati, napanga macho ya watu.

Nikambeba juu ya nyumbu mpaka mjini, kwa Tiringo, muuguzi wetu anayepasua vigubiko vya macho. Tiringo akamtazama kwa tochi muda mrefu. Akasema la kulia tuliache, ila la kushoto kope zimeshaanza kulikwaruza, ikipita miezi bila kupasuliwa litafuata njia ya mwenzake. "Mimi nipo tayari sasa hivi," akasema. "Kazi ya nusu saa, Mama. Kesho unarudi nyumbani."

Mama akauliza, "Na Bosena je?"

"Bosena zamu yake itakuja," nikasema.

"Lini?"

"Mwaka wa tatu wa mpango."

"Mwaka wa tatu! Mwaka wa tatu Bosena atakuwa anapapasa ukuta kutafuta mlango wa kwake. Nani kapanga upuuzi huo?"

Tiringo akanitazama, kisha akajifanya kupanga mikasi yake.

"Mimi, Mama," nikasema.

Ikabidi nimweleze yote, ya Jumapili na uwanja wa kanisa. Mwanzoni alicheka, unakijua kicheko chake, kile cha kujipiga mapaja. "Mkaja kutafuta kope Jumapili! Si mngekuja pia kuhesabu wenye njaa siku ya harusi?" Tiringo naye akacheka. Kisha Mama akanigeuzia lile jicho moja.

"Lakini wewe ulikuwa unajua," akasema. "Si wewe uliyekuwa unaning'oa?"

"Nilijua, Mama."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa watasema napendelea kwetu."

"Kwa hiyo jicho langu likaondoka ili wewe usifiwe."

Alisema taratibu tu, kama anayeuliza bei ya chumvi. Usiku nikilala ninalisikia lile neno.

Kisha akashuka kitandani akatafuta viatu vyake. Hapasuliwi. Nikamsihi, Tiringo akamsihi, hata mlinzi wa mlangoni aliitwa kumsihi. "Nirudi kijijini na macho yangu makavu," akasema, "niwakute wenzangu wanalia machozi kwenye shuka? Watasema Fentahun kampasulia mamaye kwa mlango wa nyuma. Uliogopa wasiseme hivyo, si ndiyo? Basi na mimi naogopa. Kawaambie wakubwa zako ulichoniambia mimi. Wakija Wofit, nitalala kitandani. Wasipokuja, nitajua hukusema."

Akapanda nyumbu, tukarudi. Njia nzima alikuwa anamtukana nyumbu.

Ungedhani siku ya pili nilikimbia ofisini. Sikukimbia. Nilizunguka na jambo hilo wiki kadhaa, kila asubuhi nasema leo, kila jioni nasema kesho. Na ndizo siku hizohizo ulizokuwa unapiga simu Jumapili nikiwa kwa Mama, nami naigeuza. Nilikuwa nahesabu kwamba nitalimaliza kimyakimya, jicho la kushoto litapona, halafu nikuambie habari njema na ile mbaya niifiche ndani yake. Kila siku niliyongoja ilikuwa inalikwaruza jicho la mama yako, na nilijua, nikanywa kahawa, nikangoja.

Kilichonitoa ni wewe, kwa kweli. Jumapili moja ulisema, "Fentahun, Mungu akulipe, nisingekuwa na wewe ningeacha kazi ya watu nikarudi." Jumatatu niliingia kwa Bwana Kassaye kabla hajavua koti.

Nilimwambia yote. Alinisikiliza akiwa amesimama na kofia mkononi.

"Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima umelikalia kama kuku!"

"Ndiyo, bwana."

"Na vijiji vingine tulivyovitazama Jumapili? Huko hawang'oi kope? Huko wanawake wao hawaendi kanisani?"

Nikamwambia wanang'oa. Wote wanang'oa. Akaketi kwenye kiti cha wageni. Ndipo na mimi nikauona ukubwa wake, kwa sababu mpaka hapo, aibu ilioje, nilikuwa nafikiria Wofit tu. Mpango wote wa wilaya ulikuwa umejengwa juu ya Jumapili zangu.

Alinitukana matusi ambayo siwezi kukuandikia kwenye mfungo. Kisha akafanya la haki. Watazamaji walitumwa upya, safari hii katikati ya wiki, tena asubuhi kabla ya kahawa. Huku Wofit hesabu iligeuka. Karibu kila nyumba kuna mwanamke anayekwaruzwa. Kwenye mpango sipo tena, yupo kijana mwingine kwenye meza yangu. Mimi natembea kwa miguu na watazamaji kijiji hadi kijiji, nawafunulia wanawake vigubiko vya macho. Tumerudi kukaa Wofit, mshahara umepungua kidogo, Mulunesh amesema kidogo, tutaishi. Nastahili.

Lipo jambo jingine linalonikaba. Wapasuaji hawakuongezeka. Ili waje Wofit ilibidi watu wa Ambit, kule bondeni, ambao walikuwa wa kwanza, wasogezwe mpaka baada ya sikukuu ya Timkat. Nimekwenda Ambit mwenyewe kuwaambia. Bibi mmoja alikuwa amekwisha kuja na godoro lake begani, akaniuliza, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Huyo naye ana binti mahali fulani. Sikumwambia ni kosa langu, nilisema ni mabadiliko ya mpango. Unaona? Hata baada ya yote bado ulimi wangu unateleza kwenda upande wa raha yangu. Siku ya Timkat ikipita nitakwenda tena, nami nitamwambia ukweli.

Wapasuaji walikuja mwanzo wa mwezi huu, wakaweka vitanda kwenye darasa la shule. Mama aliapa kwamba hatakuwa wa kwanza, akatimiza. Alimsukuma Bosena ndani kwa mkono wake mwenyewe. "Ingia, mwoga we, umezaa watoto saba unaogopa sindano ya nzi!" Kisha akakaa mlangoni anawakagua wote, anawatania, anawaamuru kama askari. Jua lilipokaribia kuzama alikuwa amebaki yeye. Tiringo alitaka nibaki nje, Mama akasema, "Mwache aingie. Aone."

Nikaona. Nilimshika kichwa, kama Jumamosi zile. Aliomba Mikaeli mwanzo mpaka mwisho, na katikati ya sala akamwuliza Tiringo kama ameolewa.

Asubuhi bendeji ilifunguliwa. Jicho lilikuwa limevimba, akalifumba, akalifumbua. Akatazama ubao wa darasa, akatazama mlango, kisha akanitazama mimi muda mrefu.

"Fentahun, una mvi."

"Ninazo, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kitambo."

"Mbona hukuniambia?"

Nikalia mbele za watu, mtu mzima na ndevu. Akanisukuma. "Nyamaza, watadhani uliyepasuliwa ni wewe."

Hajasema amenisamehe, nami sijamwuliza. Ananipikia, ananituma, ananigombeza nikichelewa, lakini lile neno halijarudi wala halijaondoka. Jumamosi iliyopita wanawake walikuja na vigoda vyao kama kawaida. Bosena akalaza kichwa mapajani mwa Mama kwa mazoea, Mama akamtazama, hamna kitu cha kung'oa. Mwishowe Mulunesh akakaanga kahawa, wakamsengenya padri mpaka jioni.

Mama hataki ujue. Anasema utaacha kazi, utakuja mbio, utakosa pesa ya mwisho wa mkataba. Kwa miezi nimemtii kwa sababu utiifu ule ulinifaa. Leo namwasi. Ukitaka kukasirika, tafadhali kasirika na mimi. Yeye alikuwa anakulinda wewe, mimi nilikuwa najilinda mwenyewe.

Jumapili mbili hizi nilikuambia mtandao mbovu. Mtandao ulikuwa mzima. Ni bendeji na uvimbe.

Nina neno la mwisho, nalo nimelijua juzi tu, tukiwa tunachambua dengu za shiro yako. Mama aliniambia kwamba tangu mvua zile, hata la kushoto lilikuwa limejaa machozi kiasi kwamba kwenye simu hakuwa anakuona. Ulikuwa unamwuliza, "Mama, unaonaje nywele zangu?" naye anajibu zimependeza. Alikuwa hazioni. Alikuwa anaongea na mwanga, anaitikia sauti. Mimi nimeshika simu pale, nimeigeuza vizuri ili wewe usimwone, wala sikujua kwamba yeye naye hakuoni.

Asnaku atafika kwako Ijumaa. Jumapili piga. Nitaishika simu mbele ya uso wake wote, atanipiga kiwiko na sitaigeuza. Utaliona lile jicho jeupe. Jikaze, usipige ukelele, matusi yangu niwekee baadaye. Usianze na maneno, dada. Toa kitambaa kichwani, sogea kwenye taa, unyamaze kidogo, umwache akutazame.

Mulunesh anakusalimu, na watoto wanamwulizia shangazi yao. Bosena anakusalimu na anakukabidhi Asnaku. Tiringo, ambaye hukumjua, naye ameomba asalimiwe. Bikira Maria akufunike kwa shuka yake huko ugenini, akurudishe Wofit ukiwa na afya, utukute sote, pamoja na yule anayekungoja kuliko sisi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na ambaye hakukitunza kiapo,

Fentahun.